Mlango wa babu "chumba cha Kiarabu", kinyago cha juzi "chumba cha Kiafrika": nani kagawa?

MtuWaKiponda (mleta uzi)

Assalaam alaykum jamani. Uzi mrefu kidogo. Mwenye haraka apite, mwenye kikombe cha chai akae.

Nyumba yetu ya urithi iko Kiponda, Mji Mkongwe wa Unguja. Mlango wake ni ule wa zamani, kizingiti cha juu kimelala sawa, si cha duara. Mfaa, ule ubao wa kati, umejaa nakshi toka juu mpaka chini, na mnyororo umezunguka fremu yote. Misumari ya shaba imebaki michache. Mmoja nilikuwa nauchezea mwenyewe utotoni, mama akanipiga bakora, na sijui ukaishia wapi.

Wiki iliyopita dalali kaja na mgeni anayepamba hoteli huko kwao. Mgeni akaupapasa mlango kwa kiganja, akapiga picha zisizo idadi. Kisha akavuka njia, akaingia duka la jirani, akatoka kakumbatia kinyago kirefu cha uso, macho yamefumbwa, nyufa nyufa kama cha miaka mia mbili. Dalali akanitafsiria: mlango anautaka kwa chumba cha Kiarabu, kinyago ni cha chumba cha Kiafrika.

Sasa kinyago kile nakijua. Nilikiona kikishushwa bandarini na wenzake kama thelathini, kwenye viroba, vinanuka kiwi ya viatu. Kimezaliwa mwaka huu. Mlango umewekwa kabla babu hajazaliwa, na babu kafariki na miaka tisini. Mlango haujawahi kuvuka bahari. Kinyago kimekuja na boti ya saa saba.

Ndugu zangu wawili wanataka tuuze. Mie moyo umegoma, lakini si hilo nnalouliza. Nnauliza: nani aliyekaa akagawa, hiki ni sanaa ya Kiafrika na hiki si? Na kagawa lini?

kichwa_cha_tende

Uza mlango, nunua Vitz, weka geti la chuma. Natania, msinitukane. Nimekaa kibarazani nasubiri wasomi.

mwana_Newala

Mkuu, mgeni hana kosa. Nimekuja Zanzibar mara mbili kutembea, na mwongozaji mwenyewe, kijana wa hapo hapo, alikuwa anatuonyesha kwa kidole: huu mlango wa Kiarabu, ule wa Kihindi, huu wa Kiarabu. Mtaa mzima sikusikia "huu wa Kiafrika" hata mmoja. Mnataka Mzungu ajue nini kuliko mnavyomwambia nyinyi?

ticha_mstaafu

Mwanangu MtuWaKiponda, suali lako zuri kuliko unavyodhani. Na wewe mwana_Newala usiondoke, nina neno na wewe baadaye.

Anza na lugha. Sanaa tumeitoa kwenye Kiarabu, na huko asili yake ni utengenezaji, kazi ya mkono yenye ujuzi. Ndio maana huku pwani seremala, mfua fedha, mshona kofia na muunda chombo, kila mmoja alikuwa na sanaa yake, na aliyeiweza aliitwa fundi. Kitu cha kutundikwa kiangaliwe tu, kisifunguliwe, kisivaliwe, kisikaliwe, hicho hakikuwa na fundi wake.

Hii "sanaa ya Kiafrika" unayouliza ilipangwa kwengine. Kwa umri wake si ya zamani hivyo, na imebadilika kila baada ya muda. Karibu na mwaka 1500, wachongaji wa pwani ya Sierra Leone walikuwa wakichonga vyombo vya chumvi vya pembe za ndovu kwa oda ya Wareno. Humo wanachonga mpaka Mreno mwenyewe. Wakubwa wa Ulaya waliviweka kabatini pamoja na mayai ya mbuni na matumbawe, kama ajabu za dunia. Kwa hiyo wanaosema kitu kikichongwa kwa ajili ya mgeni si sanaa ya kweli, waambieni biashara hiyo ina miaka mia tano.

Halafu ikaja zamu ya bunduki. Agosti 1896 manowari za Kiingereza zililipiga kasri letu hapa Unguja. Aliyeziongoza alikuwa amiri Harry Rawson. Februari 1897, miezi sita tu baadae, Rawson huyo huyo akauteka mji wa Benin, ule ulio Nigeria ya leo. Wakauchoma, wakabeba maelfu ya vitu vya shaba na pembe, na baadhi viliuzwa kufidia gharama za vita. Makumbusho za Ulaya zikagombania. Na hapo wasomi wao wakapata tabu: mtu mweusi waliyekwisha kumwandika kuwa hana akili, kamimina vipi shaba kwa ufundi ule? Wako waliosema kafundishwa na Wareno. Mwaka 1910 Mjerumani Leo Frobenius alipoviona vichwa vya Ife, naye akasema ni mabaki ya Atlantis, kisiwa cha hadithi za Wayunani.

Unaona mchezo? Kizuri kikizidi kipimo chao, kinatafutiwa baba wa nje. Benin baba yake Mreno, Ife baba yake Myunani, na mlango wenu wa Kiponda baba yake Mwarabu.

Basi vile vingine, vinyago na sanamu za miti, viliwekwa kwenye makumbusho za makabila, pamoja na mikuki na mafuvu. Hakuna aliyeviita sanaa. Mpaka wachoraji wa Paris, nao wamechoka na uchoraji wa kwao, wakaanza kuvinunua kwa pesa kidogo. Picasso aliingia makumbusho ya Trocadéro mwaka 1907, akatoka kabadilika. Mwaka 1935 makumbusho ya sanaa za kisasa ya New York yakafanya maonesho makubwa ya vitu vya Afrika, vimewekwa juu ya vigogo vyeupe kama sanamu za Ulaya. Kupanda cheo kweli, lakini angalia sharti lake. Kitu kiwe na uso au umbo la mtu. Kibebeke. Kisiwe na jina la aliyekitengeneza wala tarehe. Kitoke kwa watu wasiosoma wala kuandika. Mlango wako una nakshi, hauna uso, umeshika ukuta, na mwenye nyumba anasoma Msahafu. Umefeli mtihani wote.

kichwa_cha_tende

Mwalimu kaamka na wudhuu leo.

PatasiNaTezo

Mimi nachonga. Baba alichonga. Niruhusuni niseme ya karakana.

Hayo ya mlango wa Kiarabu na wa Kihindi kuna ukweli wake, lakini yanasemwa vibaya. Kizingiti kilicholala sawa ndicho cha zamani. Cha duara, chenye maua yaliyojaa mpaka huoni mti, kimeshamiri baadae kwa mkono wa Kihindi. Lakini mafundi walikuwa Wahindi na walikuwa Waswahili, kwenye karakana moja wanaazimana patasi. Mti wa msaji ulikuja kwa jahazi kutoka India, mfenesi ulikatwa shamba hapa hapa. Mwenye nyumba anaweza kuwa Mmanga, mlango kachonga mtu wa Malindi kwa mti wa Malabar, na waridi lile lile utalikuta limechongwa kwenye plasta za nyumba za Lamu. Sasa ugawe.

Nawaambia kazi inavyokwenda, kwa sababu watu wanaongea milango kama imeota. Mfaa, ule ubao wa kati unaofunika kiungo cha mbao mbili, unachongwa peke yake juu ya meza. Unachora kwanza kwa penseli na bikari, unagawa ubao kwa hesabu ili ua la juu na la chini vilingane. Ukikosea nusu sentimita juu, chini umebaki na ua kichwa kipande. Kisha unashusha udongo, ndio tunavyosema sisi, yaani unaondoa mti usiotakiwa mpaka ua linasimama. Nyundo ya mti, si ya chuma. Patasi ya duara ndiyo inayotia jani tumbo. Ubao wa mfenesi una manjano unapouchonga, ukikaa miaka unakuwa mwekundu wa giza. Ukiona mlango "wa kale" una rangi moja kote, nusa. Utasikia vanishi.

Halafu hawa waongozaji wetu, Mungu awasamehe. Juzi nimemsikia mmoja anawaambia watalii mnyororo kwenye fremu maana yake mwenye nyumba alikuwa na watumwa. Mimi nimechonga mnyororo kwenye mlango wa duka la simu Darajani. Yule ana watumwa gani, Infinix?

Mnyororo ni nakshi ya kufungia kazi. Bila yake jicho linamwagika nje ya fremu.

Abuu_Fuoni

Mwalimu kagusa jambo na mimi niongeze. Sisi dini yetu haikutupeleka kwenye kuchonga viumbe. Mkono wa fundi ukahamia kwenye maandishi, maua, na hesabu za duara. Nendeni Kizimkazi Dimbani muangalie kibla cha ule msikiti. Yale maandishi ya Kikufi yamechongwa kwenye matumbawe mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107. Matumbawe yametolewa bahari hii. Miaka mia tisa na zaidi, bado herufi zimesimama na mikia yake imesukwa kama ukili. Sijawahi kuyaona kwenye zile picha zinazoitwa sanaa ya Afrika. Wanaonyesha sanamu zenye makalio nje, basi.

mwana_Newala

Ustadhi hapo kwenye makalio umenigusa, maana unazungumza na Mmakonde. 😄

Nimesoma yote na nabadilisha kauli kidogo. Mleta mada, hicho kinyago ulichoeleza, uso mrefu na macho yamefumbwa, hata si cha kwetu. Hiyo ni mitindo ya Afrika Magharibi na Kongo, vijana wanaiga kwenye picha, wanavizika kwenye mchanga wenye maji ili vizeeke. Kwetu kinyago chenye heshima ni lipiko. Kinachongwa kwa mti mwepesi, si mpingo, maana mtu anakivaa kichwani na kucheza. Unakuta chanjo zimechorwa usoni, na nywele za mtu kweli zimebandikwa. Babu yangu hakuruhusu mwanamke wala mtoto asiyepita jandoni akione kimelala. Kikitoka kwenye ngoma ni mzimu, kikirudi kinafichwa. Sasa chukua hicho, kitundike ukutani juu ya sofa, kitie taa. Umekitundika nini? Ubao tu.

Na yale makubwa ya mpingo mnayouziwa, ya watu wamepandana, tunayaita ujamaa, na yale ya mashetani yaliyopindapinda, ni mambo ya juzi. Shetani ilianza miaka ya hamsini na kitu, inasemwa ni mkono wa Samaki Likankoa, na wafanyabiashara wa Dar wakaikuza kwa sababu wanunuzi waliitaka. Tingatinga nayo hivyo hivyo. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora 1968 pale Oysterbay, juu ya hadibodi, kwa rangi ya kupakia baiskeli, na akauawa kwa risasi ya polisi 1972. Miaka minne. Leo kila duka la mtaa wa Gizenga limejaa chui wake, na mgeni anaambiwa ni utamaduni wa kale. Mama yangu mzazi ni mkubwa kuliko huo utamaduni wa kale.

Sisemi si sanaa. Tena kwangu ndiyo sanaa hasa, maana ina jina la mtu na ina mwaka. Nasema tu tuache hilo neno "asili".

ticha_mstaafu

Neno nililokuwa nalo na wewe, umelisema mwenyewe. Nimebaki sina kazi.

Bi_Mkubwa_Chake

Wanangu mnazungumza vizuri, ila tokea juu mpaka hapa mmetaja wanaume watupu. Na mimi ni bibi wa Pemba, mniwie radhi.

Mama yangu alikuwa akisuka mikeka. Miyaa anaianika, anaichana kwa ukucha, anachemsha maji kwenye sufuria kuukuu na rangi ya unga, zambarau, kijani, nyekundu ya damu ya mzee. Anasuka ukili, ule utepe mrefu, huku anazungumza na jirani wala haangalii mikono. Ukili ukifika urefu wake unaushona pembeni kwa pembeni, na hapo ndipo utamjua fundi na asiye fundi, kwa sababu lile ua lililokatika kwenye ukili huu lazima likutane na nusu yake kwenye ukili wa pili. Fundi anakuwa kalihesabu kichwani siku nyingi kabla. Mnaambiwa habari za bikari, mama hakuwa na bikari.

Mwaka mmoja alikuja mgeni, akaununua mkeka wa harusi. Akaeleza kuwa ataupeleka kwao autundike ukutani, kwa kuwa ni sanaa. Mama hakukasirika. Aliuliza tu: "Sasa wageni wake watakaa wapi?"

Kofia nazo. Kofia ya viua ina vitobo vidogo vidogo, kila kimoja kimezungushiwa uzi kwa sindano, na mchoro wote ni wa vitobo. Inachukua miezi. Mwanamme anaivaa Idi, anasifiwa yeye. Piko na hina za biharusi zinakaa wiki mbili zinafutika, na aliyechora alikesha. Na kanga? Tangu zamani nyingi zinachapwa ng'ambo, kama India. Lakini pindo, mji na jina tunavijua sisi, na jina ndilo linalouza. Nimewahi kurudisha kanga nzuri sana dukani kwa sababu maneno yake yangeniletea ugomvi na wifi yangu. Mzungu anaiona rangi tu. Kanga isiyosomwa ni shuka.

Nataka mwalimu aniambie hivyo vimo kwenye chumba kipi cha huyo bwana wa hoteli.

kichwa_cha_tende

Bibi jina lililokuwemo kwenye hiyo kanga tafadhali. Kwa ajili ya utafiti.

Bi_Mkubwa_Chake

Pita huko.

mtoto_wa_Ngambo

Nimekaa kimya nimechoka. Mnamlaumu Mzungu, Mfaransa, Picasso. Na sisi je?

Nani wa mwanzo kusema mlango wa Mji Mkongwe ni wa Kiarabu? Wenye milango. Mababu zenu walipotaka heshima walisema wametoka Oman, wakikosa Oman wanasema Shiraz. Mlango ulikuwa cheti. Bibi yangu mzaa baba kazaliwa nyumba ya udongo na makuti upande wetu huu wa Ng'ambo, ng'ambo ya mfereji uliotutenga na Mji Mkongwe, mlango ubao mtupu na komeo. Ya kwetu ilikuwa ngoma: beni, lelemama, na unyago usiosemwa mbele ya watu. Mambo hayo mlikuwa mnayaita ushenzi barazani, wala hakuna Mzungu aliyewafundisha. Sasa Uafrika una bei ndio mlango umekuwa wa Kiafrika?

Mtu pekee aliyevuka huo mfereji ni Siti binti Saad. Mtoto wa Fumba, kauza vyungu kwa miguu. Taarab ilikuwa ya kasri na kwa Kiarabu, akaichukua akaiimba Kiswahili, huku Ng'ambo, na mambo ya huku. Mwaka 1928 akenda Bombay kurikodi. Baada ya hapo hakuna aliyeweza kuiita taarab ya Kiarabu bila kuchekwa. Haikugawiwa na makumbusho yoyote. Watu waliisikiliza, ikawa yao.

ticha_mstaafu

Mtoto wa Ng'ambo, umenikamata pabaya na sina la kukataa. Nimekulia barazani huko unakokusema na nimeyasikia kwa masikio yangu. Uafrika wa mlango ulikanwa ndani kabla haujakanwa nje. Na huo mfano wa Siti nauweka, kwa sababu unajibu suali la mleta uzi kuliko yangu yote ya juu.

Lakini nimalizie safari niliyoianza, isije ikaonekana dhana ilisimama 1935.

Nchi zilipopata uhuru, Waafrika wenyewe wakataka kusema. Senghor, rais wa Senegal, akaita tamasha la sanaa Dakar mwaka 1966. Lagos wakafanya la kwao 1977, kubwa zaidi, na nembo yake ilikuwa uso wa pembe wa malkia Idia, mama wa mfalme wa Benin, kazi ya karne ya 16. Huo uko London, kwenye makumbusho ya Uingereza, ulichukuliwa ule mwaka wa Rawson. Nigeria ikaomba kuazimwa. Ikanyimwa. Ikabidi wachonge nakala. Angalia maisha ya kitu hichi: kwanza pambo la mfalme, na wala hakuvaa usoni, kilining'inia kiunoni siku za ibada. Kisha ngawira. Kisha kazi ya sanaa ndani ya kioo. Kisha nembo ya watu weusi wa dunia nzima, kwenye mabango na fulana. Pembe ni ile ile, hakuna aliyeongeza mkwaruzo.

Na milango, mwanangu. Kuna mchongaji wa Kiyoruba akiitwa Olowe wa Ise, aliyefariki 1938. Alichonga mlango wa kasri la Ikere, ndani yake kamchonga ofisa wa Kiingereza anabebwa kwenye machela. Mwaka 1924 mlango ukapelekwa maonesho ya Wembley. Waingereza wakautaka. Mfalme akakataa kuuza, akakubali kubadilishana kwa kiti cha enzi kilichotengenezwa Uingereza. Uko London mpaka leo. Jina la Olowe lilichelewa sana kuandikwa pembeni yake. Kwa hiyo mlango unaweza kuwa sanaa ya Kiafrika bila shida, ilimradi uwe na watu waliochongwa. Ndio nilipokwambia maua yako yamefeli.

Siku hizi mambo yamegeuka tena, na wanaoyageuza ni watu wenye majina. El Anatsui wa Ghana anashona vifuniko vya chupa za pombe kwa waya mpaka vinakuwa kama kitambaa cha kifalme, akapewa tuzo ya Simba wa Dhahabu kwenye maonesho ya Venice mwaka 2015. Yinka Shonibare anavalisha masanamu yake vitenge, akijua kuwa kitenge ni batiki ya Java iliyoigwa na Waholanzi ikauzwa Afrika Magharibi mpaka ikawa ya Kiafrika kuliko Waafrika. Bibi wa Chake, hapo ndipo kanga yako inapoingia, chumba cha mbele. Na Lubaina Himid, kazaliwa hapa Unguja mwaka 1954, kachukuliwa mchanga kupelekwa Uingereza. Alishinda tuzo ya Turner 2017, mwanamke mweusi wa mwanzo kuipata, na kwenye kazi zake kanga zimo, na maneno yake yamo. Mnamjua wangapi? Mitaa hii wanamjua Freddie Mercury, yule mwimbaji.

Vitu navyo vimeanza kurudi. Ufaransa ilirudisha 26 mwaka 2021, vya kasri la Abomey, kwa nchi inayoitwa Benin, si ule mji wa Nigeria. Ujerumani ikakabidhi baadhi ya vile vya shaba kwa Nigeria mwaka 2022. Na vikifika nyumbani linaanza suali jengine: viwekwe kioo, au viende kwa mfalme aliye hai vikafanyiwe ibada? Wanabishana hivi sasa. Nadhani wa kabla ya 1897 wangeshangaa ubishi wenyewe.

MtuWaKiponda

Mwalimu, mama wa Chake, wote, nashukuru. Mtoto wa Ng'ambo, umenichoma lakini nimekusikia. Babu kweli alikuwa akisema mlango umetoka Maskati. Fundi kasema msaji wa Malabar na mkono wa hapa. Babu hakuwa muongo, alikuwa anajipandisha.

Nimewaambia ndugu zangu kuwa hatuuzi. Na dalali nimemwambia akaulize kwanza Mamlaka ya Mji Mkongwe, mlango wa zamani haung'olewi hivi hivi kama jino. Kakasirika. Kasema nimeletewa riziki nimeipiga teke.

Sasa fundi PatasiNaTezo, jana nimepanda ngazi kuusafisha nyuma ya kizingiti, mahali ambapo hakuna mtu aliyepaona tangu uwekwe. Nilikuwa natafuta jina la aliyeuchonga, baada ya habari ya huyo Olowe. Jina hakuna. Kuna alama moja imekatwa kwa patasi, nambari ya Kiarabu, saba. Sikulala. Ina maana huu ulikuwa mlango wake wa saba? Sita nyengine ziko wapi?

PatasiNaTezo

Kijana, lala.

Hiyo saba si hesabu ya milango. Ni alama ya kuungia. Kila kipande kinachongwa chini, mbali mbali, kisha kinakuja kusimamishwa ukutani, na kila kipande kinapigwa nambari ili saba iingie kwa saba. Tazama kichwa cha mguu wa fremu upande wa kulia, kwa ndani. Utaikuta saba nyengine. Hata mimi napiga, ila natumia penseli.

Na kama umepanda na maji ya sabuni shuka sasa hivi. Usitie vanishi, usitie kitu, mpaka niuone. Nakuja Jumamosi baada ya laasiri, ngazi unayo?

MtuWaKiponda

Ninayo. Na saba ya pili nimeiona, imejaa vumbi la chokaa.